Mgonjwa Lazima Aonekane

Jina lilipoitwa, Jemutai alilisikia vizuri. Muuguzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa daktari wa akili, faili kifuani, na sauti yake ilivuka ua mzima wa hospitali. "Jemutai Bethwel." Watu waliokaa kwenye mabenchi waligeuka huku na huku kumtafuta mwenye jina. Jemutai alifungua mdomo. Masikio yakaanza kuvuma, na macho ya watu yakawa yanampita, yanarudi, yanampita tena. Muuguzi akaita mara ya pili. Jemutai akageuza shingo na kutazama nyuma yake, kana kwamba yeye pia anamtafuta huyo Jemutai.

Mama yake, Cheruto, alikuwa ametoka nje ya geti kununua maji. Aliporudi aliuliza kama wameitwa, na binti yake akatikisa kichwa. Wakaendelea kukaa. Wagonjwa waliokuja baada yao waliingia wakatoka, mabenchi yakabaki matupu, na daktari mwenyewe akatoka na begi lake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Cheruto alimkimbilia muuguzi. Muuguzi alisema aliita mara mbili na hakuna aliyeitikia, na daktari huyo si wa hapa, huja kila baada ya wiki mbili, na hizo wiki mbili zinazokuja atakuwa likizo.

"Sista, huo ndio ugonjwa wake," Cheruto alisema. "Hawezi kuitikia."

"Sasa mama, kama hawezi kuitikia, mimi nitajuaje yuko?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na visigino alikuwa ameshavitoa nje ya viatu. Alimtazama Jemutai, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, akakubali kusikiliza kidogo. Kisha akaeleza kwamba ugonjwa huo upo, ni hofu ya watu, na unatibika. Kuna mshauri mjini, wa kulipia, anayeutibu kwa mazungumzo, wiki baada ya wiki, polepole. Alitaja bei. Cheruto alishusha pumzi, akasema si mbaya, mtu anaweza kujikusanya akailipa hadi mtoto apone.

"Hapana, mama," muuguzi alisema. "Hiyo ni ya saa moja."

Walirudi nyumbani, mtaa wa Kaptembwo, kwa miguu. Njiani Cheruto hakumgombeza binti yake. Hilo lilimwogopesha Jemutai kuliko kugombezwa.

Wasingefika hospitali kama si ule moto. Kwa miaka mingi nyumbani walisema Jemutai ni mpole tu. Aliacha shule darasa la saba kwa sababu ya kulazimishwa kusoma kwa sauti mbele ya wengine, na wakasema basi, atamsaidia mama yake kukaanga mandazi. Aliyakaanga vizuri, lakini kuyauza hakuweza. Mteja akibisha, alijificha nyuma ya pazia hadi mama yake aje.

Kisha mtungi wa gesi wa Wanjugu, jirani aliyeuza chipsi, ukavuja na kushika moto mchana, na moto ukaruka kwenye dari za ile safu yote ya vyumba. Watu walitoka mbio na watoto na magodoro. Walijaa uani, wakipitishiana ndoo, wakitazamana na milango. Jemutai alikuwa ndani. Alifungua mlango kidogo, akaona ule umati wote umeelekea kwake, akaufunga. Cheruto alitoka dukani mbio akamkuta amechuchumaa kando ya kitanda, kanga mdomoni, moshi umeshuka hadi magotini. Alimburuta kwa mkono mmoja. Jemutai alikuwa akivuta kurudi ndani.

Baadaye, binti alipoweza kusema bila kukohoa, Cheruto alimwuliza kwa nini hakutoka.

"Walikuwa wengi," Jemutai alisema.

Tangu siku hiyo Cheruto hakulala vizuri. Alijua moto mwingine utakuja, au kitu kingine mfano wa moto, na huenda yeye asiwe karibu.

*

Natalie, binti wa dada yake Cheruto, alikuwa Minnesota, akiwatunza wazee katika nyumba moja huko. Aliposikia habari ya moto alipiga simu Jumapili. Cheruto aliweka simu juu ya meza ili Jemutai asikie kutoka alipokaa, sakafuni, kando ya mtungi wa maji. Walimweleza yote.

"Anti, mimi pia niko na hiyo kitu," Natalie alisema.

Cheruto alicheka, kwa sababu Natalie ndiye aliyepanda ndege peke yake. Natalie hakucheka. Alisema alikuwa akitapika kila asubuhi ya mtihani na kumwambia mama yake ni malaria. Huko aliko, bosi wake alimwona akitetemeka kwenye mkutano, akamtuma kwa daktari siku hiyo hiyo. Akapewa tembe na mshauri. Kila Jumanne anafungua kompyuta akiwa kitandani, na mshauri yuko pale. Akishindwa kuonekana, anazima kamera. Akishindwa kusema, yule mama mshauri anamngoja.

"Anangoja tu?"

"Anangoja tu."

"Na analipwa?"

"Bima ya kazi inamlipa, Anti."

Cheruto alitazama ukuta uliobaki mweusi kwa moshi. Hakuwa amewahi kusikia mtu analipwa kungoja mwingine aseme. Akauliza, basi huyo mama kwa nini asimngoje na Jemutai kidogo, hata nusu saa, simu si ipo. Natalie alisema tayari amemwomba. Mshauri alisikitika sana, lakini leseni yake ni ya jimbo lile. Hata Natalie akihamia jimbo la jirani, hawezi kuendelea naye. Na tembe hawezi kutuma, daktari amemkataza kabisa, hazifai kugawanywa kama panadol. Angetuma pesa, za kuanzia tu, maana na yeye anaishi kwa zamu na kodi ya huko inamkaba.

Cheruto alikuwa anashukuru na kuaga wakati Jemutai alipotambaa hadi kwenye meza. Alisogeza mdomo karibu na simu.

"Na inaisha?" aliuliza.

Natalie alimjibu.

"Haiishi yote, mrembo wangu. Lakini siku hizi naweza kuagiza chai mwenyewe."

*

Bethwel, baba yake Jemutai, alikuwa mchoma nyama Kikopey, kwenye barabara kuu, na alikuja nyumbani Jumatatu tu, nguo zikinuka mafuta na moshi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kule kazini wenzake walipigania kukaa mbele, wawakimbilie wenye magari na kupata bakshishi. Yeye alibaki nyuma, kwenye jiko. Alisikiliza habari ya mshauri na bei ya saa moja huku akisugua masizi kwenye kucha, kisha akasema hakuna njia nyingine ila harambee. Kanisa lilikuwa limemchangia mtu wa mguu na mtu wa figo. Litashindwaje kumchangia mtoto wao?

Kamati ya kanisa ilikutana wiki ile ile, na Mzee Ephantus, mwenyekiti, alikuwa na swali moja. Mguu unaonekana. Figo ina karatasi. Hii hofu wataionyeshaje?

"Sisemi mnadanganya," alimwambia Bethwel. "Lakini huyo wa figo tulimchangia, na Krismasi akaonekana Molo anacheza kwa harusi. Kumbe figo zote mbili ni zake na ziko sawa. Watu bado wananiuliza. Safari hii mgonjwa lazima aonekane. Asimame tu, asalimie watu, akae."

Bethwel alitaka kueleza kwamba kama Jemutai angeweza kusimama na kusalimia watu, hakungekuwa na harambee. Maneno yalimpangia foleni mdomoni. Wanakamati walikuwa wakimtazama. Akasema sawa.

Nyumbani alimwambia Cheruto, na Cheruto alikaa juu ya debe la unga kama mtu aliyepigwa. Alimwuliza kama hakuwa na mdomo. Bethwel alisema alikuwa nao. Mwishowe wakakubaliana Jemutai asiambiwe sharti hilo. Angekaa jikoni nyuma ya kanisa na Wanjugu, akiosha vikombe, na ikifika wakati wa kumwita, Cheruto angesema amezidiwa.

"Hutaitwa," Cheruto alimwahidi binti yake. "Utakuwa jikoni. Hakuna mtu atajua ni wewe."

Lakini bango lilikuwa limeshaanza kuzunguka kwenye simu. Mtu fulani wa kamati alikuwa amekata picha ya Jemutai kutoka picha ya harusi, uso nusu umefichwa na bega la mwenziwe, akaikuza, na juu yake kukaandikwa kwa rangi nyekundu: TUMSAIDIE JEMUTAI. Ilifika kwa kikundi cha kanisa, cha wapangaji wa ploti, cha boda boda, cha wanawake wa soko. Jemutai aliiona kwenye simu ya mama yake. Kuanzia hapo hakwenda chooni mchana. Choo kilikuwa mwisho wa ua, na ua ulikuwa na watu, na watu walikuwa na simu. Alipunguza maji ya kunywa ili aweze kungoja giza. Midomo ikamkauka, na Cheruto alipomsukumia kikombe, alikirudisha.

*

Siku ya harambee jikoni palikuwa pahali pazuri. Moshi ulikuwa mwingi na mlango mdogo. Wanjugu alikuwa amejifunga aproni, akikoroga chai kwenye sufuria kubwa, na hakuacha kuongea. Tangu moto wa mtungi wake hakuwahi kuomba msamaha waziwazi, lakini alikuwa ameleta sukari yote ya shughuli hiyo na hakutaka itajwe. Aliongea ili Jemutai asilazimike kuongea. Alimwambia mchungaji akihubiri, mandazi hukauka. Alimwambia kwaya imevaa sare mpya na bado haijui kuimba.

Wageni walizidi wahudumu, kwa hiyo Jemutai akabeba trei. Hakuna aliyemlazimisha. Akiwa na kitu mkononi na macho kwenye vikombe, aliweza kupita katikati ya watu kana kwamba ni trei inayotembea yenyewe. Waligusa kikombe, wakasema asante, wakaendelea na maneno yao. Picha ile ya harusi haikufanana naye hata kidogo, na kanisani alikuwa haonekani tangu aache shule. Mwanamume mmoja mwenye jaketi ya boda boda alichukua kikombe na kumwuliza, "Siste, huyu mgonjwa ushamwona? Ama ni hadithi?"

Jemutai alitikisa kichwa, jibu ambalo lingeweza kuwa lolote, akasonga.

Mbele, karai la plastiki la kijani lilikuwa juu ya meza, na watu walipita wakitia na majina yao yakitangazwa. Mchungaji Muiruri alikuwa na sauti ya furaha na kipaza sauti chake mwenyewe. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa amemwombea Jemutai kila asubuhi tangu siku ya moto, kwa magoti, bila kumwambia mtu. Sasa akasema wakati umefika wa kumwona binti yetu. Watu wakapiga makofi.

Cheruto alisimama, akasema kwa bahati mbaya mtoto amezidiwa, hawezi kufika.

Makofi yalikufa moja moja. Mzee Ephantus alivua miwani na kuipangusa. Yule mwanamume wa jaketi akainuka. Alikuwa Maxwel, kiongozi wa stage, kituo cha boda boda.

"Mathe, mimi sina ubaya," alisema. "Lakini hii pesa ni ya vijana wa stage, wengine hata hawajala leo. Nikirudi wataniuliza mgonjwa anakaa aje. Nitawaambia nini? Amezidiwa na nini?"

Mtu nyuma akataja figo. Wengine wakacheka, kicheko kibaya cha chini kwa chini. Mwingine akasema watu wa Kikopey wanajua kuchoma, na sasa wamekuja kuchoma kanisa. Cheruto alijaribu kueleza na sauti ikamezwa. Ndipo Mzee Ephantus akamwita baba wa mgonjwa aseme ukweli mbele ya wote.

Jemutai alikuwa karibu na ukuta, trei mkononi. Alimwona baba yake akiinuka. Alikuwa amevua kofia na kuishika nyuma yake kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa ikitembea na hakuna kilichotoka. Jasho lilimshuka kwenye shingo hadi kwenye kola ya shati lake la pekee zuri. Na Jemutai, aliyekuwa hajawahi kumtazama baba yake kwa muda mrefu namna hiyo, alijua kwamba naye anazisikia zile kelele za masikioni alizokuwa akizisikia yeye. Aliujua ule ulimi uliogoma. Alijua kwa nini mwanamume huyo alichagua kazi ya kukaa nyuma ya moshi.

Watu wakaanza kusema mwizi. Si kwa sauti, bado.

Miguu yake ilianza kwenda kabla hajaamua. Aliibeba trei hadi mbele, vikombe vikigongana kama meno, chai ikimwagika, akasimama kando ya baba yake. Hakuona uso wa mtu. Aliona karai la kijani.

"Ni mimi," alisema.

*

Kama wangemwacha hapo, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini kijana wa kwaya alimpokea trei na kumwekea kipaza sauti mkononi, na Mchungaji Muiruri akamsogelea, macho yakimng'aa, akamwuliza jina. Jemutai alilisema. Likatoka kwenye spika mbili kubwa kama jina la mtu mwingine. Mchungaji aliwageukia watu na machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Mmesikia? Msichana aliyeshindwa kuitika jina lake hospitalini, amelitaja katika nyumba ya Mungu."

Kanisa lilipasuka. Kwaya ilianza kuimba bila kuambiwa. Wanawake walilia, na wale waliosema mwizi walilia zaidi. Mzee Ephantus alimkumbatia Bethwel, ambaye alisimama kama mti. Watu wakaamka kwenye viti wakapanga mstari wa kumsalimia aliyeponywa, mmoja baada ya mwingine, wakimtazama machoni kwa upendo. Jemutai alikuwa na ukuta nyuma, meza kando, na mstari mbele. Alitoa mkono wa kulia kwa sababu waliuchukua. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaza kipaza sauti kifuani, vidole vimeganda.

Katikati ya nyimbo, Mzee Ephantus alitangaza kwamba kwa kuwa Mungu amelifanya lile ambalo mshauri wa mjini angelilipisha kwa saa, kamati inaona ni haki mchango huu uwe sadaka ya shukrani. Paa la kanisa lilikuwa linavuja. Watu walisema amina. Karai likafunikwa kitambaa cheupe.

Mstari ulisonga. Kila aliyeushika mkono ule aliusikia. Ulikuwa baridi, umelowa, na ulitetemeka hadi kwenye kiwiko. Kila mmoja alipoondoka alijipangusa taratibu, huyu kwenye suruali, yule kwenye leso, na hakusema kitu, kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri. Maxwel alijipangusa kwenye jaketi lake. Kisha akasimama, akakitazama kiganja chake.

Cheruto alikuwa amebanwa nyuma na hakuweza kupita ila kwa mstari, kama wengine. Alipofika kwa binti yake, aliona midomo imekuwa ya kijivu. Alimshika uso kwa mikono miwili. Jemutai aliinama kwa sikio la mama yake, kama alivyofanya tangu utotoni mbele ya wageni, amwambie yeye peke yake.

"Mama, nitoe hapa. Naogopa."

Kipaza sauti kilikuwa kifuani mwake, na hakuna aliyekizima.

Neno lilijaa kanisa hadi kwenye mabati ya paa. Mpiga kinanda aliinua vidole. Kwaya ikakatika, sauti moja moja, hadi ikabaki pumzi tu kwenye spika, fupi fupi, za mtu anayekimbia akiwa amesimama. Watu wote walimtazama. Jemutai alielewa kwamba wamesikia, akajaribu kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa ukuta. Mchungaji alinyoosha mkono juu kuomba, akaushusha bila kuomba.

Wanjugu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Si mgeuke," alisema.

Hawakumwelewa.

"Nimesema mgeuke. Angalieni ukuta. Mtoto apite."

Alikuwa wa kwanza kugeuka, kamba za aproni yake kwa umma, uso kwenye mlango wa moshi. Halafu Maxwel akageuka. Kisha mstari wa mbele, na viti vikalia kwenye saruji, na mmoja mmoja, wazee na kina mama wa kwaya na watoto, wakawapa migongo. Mzee Ephantus alisita, akatazama karai, akatazama watu, akageuka na yeye. Mchungaji alikuwa tayari ameuelekea msalaba uliochorwa ukutani.

Cheruto alimbandua binti yake kipaza sauti mkononi, kidole kwa kidole. Wakapita katikati ya migongo, polepole, Jemutai akishika blauzi ya mama yake kwa nyuma. Mahali fulani katikati ya kanisa, bila kugeuza uso, Maxwel aliuambia ukuta:

"Mzee, pesa ya stage si ya paa. Ni ya daktari. Wa mjini."

"Na yangu," sauti ya mwanamke ilisema kutoka upande mwingine. Kisha nyingine, na nyingine, zote zikiongea na kuta. Si wote waliosema.

Nje jua lilikuwa kali. Jemutai aliketi chini nyuma ya tangi la maji, kichwa kati ya magoti. Hakuwa amepona na alijua. Siku za mbele kulikuwa na ngazi za jengo la mjini, na mlango wa kubisha, na mtu asiyemjua aliyekaa kumngoja aseme. Cheruto alimletea maji kwenye kikombe. Aliyatazama, kisha akayanywa yote.

Ndani, watu walisikia mlango ukifungwa, wakaanza kugeuka tena, wakikwepa kutazamana, wakitafuta vikombe vyao. Bethwel peke yake alibaki alivyokuwa, kofia mikononi, paji la uso karibu kugusa ukuta, mahali pasipo na macho ya mtu. Mzee Ephantus alimwita, lakini hakugeuka. Wakamwacha apumzike.